Nyigu Aongezwe Uzito?

Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro siku ya Jumamosi, mlima wa Uluguru unakuteremkia wenyewe. Ndizi na mdalasini kutoka Kinole, pilipili manga ya Tawa na Matombo, karoti, njegere na viazi vya Mgeta. Nyuma ya magunia wanakuja wenye magunia, na nyuma yao malalamiko yao. Barabara. Bei. Madalali. Kikombe cha pili kikishamiminwa, wanyama.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa watano na mimi wa sita, msikilizaji mwenye mdomo. Majina nimeyaacha makusudi. Mazungumzo ya bunduki, hata ya bunduki halali, hayapendi majina. Alikuwepo babu mmoja wa Kinole, kofia ya kiua na fimbo ya mkwaju. Alikuwepo mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwembamba, penseli sikioni. Alikuwepo afisa wanyamapori mstaafu, ambaye sisi wa zamani bado tunamwita Bwana Nyama kama walivyoitwa watangulizi wake enzi za Tanganyika. Alikuwepo mama wa Nyandira aliyekwisha kuuza njegere zake na sasa anasubiri Hiace ya kurudi Mgeta. Na alikuwepo mwenye shamba la upande wa Kiroka, ambaye ndiye aliyeleta kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Bwana huyu amerithi bunduki ya marehemu baba yake, akafuata taratibu zote na kupewa leseni yake mwenyewe. Baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa mkonge. Ni .22 Hornet, na hornet kwa Kiingereza ni nyigu, jina linaloifaa sana: ndogo, kali, yenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Winchester walianza kuuza risasi za aina hiyo mwaka 1930. Tundu la mtutu halifiki milimita 6, na kichwa cha risasi kilichozoeleka ni cha greini 45. Wenye bunduki hupima kwa greini, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya nafaka. Greini 15 na ushei ndiyo gramu moja. Kwa hiyo Nyigu hutema gramu 2.9. Mwalimu alichota karanga kwenye sahani, akapanga tano mezani.

“Hii hapa risasi yako,” alisema.

Mwenye Nyigu ana rafiki huko ng’ambo, mahali ambapo sheria inamruhusu mtu kujaza risasi zake mwenyewe kwa mkono: ganda lililotumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, kichwa anachokitaka. Rafiki amemwambia, achana na 45, tumia vichwa vya 55. Mwalimu akaongeza karanga sita upande wa pili. Tano huku, sita kule, tukaanza.

MWENYE NYIGU: Jamani, mimi nina ekari sita za mahindi na mihogo. Nyani wanaingia mchana, nguruwe wanaingia usiku. Wamegawana zamu kama walinzi wa benki. Nyani nawamudu. Nguruwe nimempiga mara mbili, na mara zote mbili ameondoka na risasi yangu, asubuhi naona matone ya damu yanaelekea kichakani, basi. Sasa mtu mzoefu ananiambia kichwa kizito kitazama ndani zaidi. Kuna ubaya gani?

BABU: Mwanangu, ugonjwa huo si mgeni. Sisi wa magobole tuliugua kabla yako. Nguruwe akikimbia na marisau mwilini, kesho yake mtu anashindilia baruti zaidi, na juu ya baruti anatia kipande cha nondo. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo ukoo mzima. Siku moja alishindilia kwa hasira. Gobole halikumuua nguruwe. Lilifumuka ubavuni karibu na fataki, likamla jicho la kulia. Kuanzia siku hiyo akawa anatazama watu kiubavu kama kuku.

MWENYE NYIGU: Babu, hiyo ni gobole. Yangu ni bunduki ya kiwandani.

BABU: Kiwanda kilitengeneza bunduki. Hasira utaijaza wewe.

Mwalimu akamwamkia tena Babu, ingawa alikwisha kumwamkia alipoketi. Nimegundua kwamba hufanya hivyo kila anapotaka kumpinga mtu mzima.

MWALIMU: Shikamoo Babu. Naona hapa tumeviita vitu viwili kwa jina moja. Kuna uzito wa kichwa, na kuna ukali wa baruti. Mjomba wako aliongeza vyote viwili. Rafiki wa huyu bwana anazungumzia kichwa tu. Na mtu akiongeza kichwa kwenye Nyigu, baruti haiongezeki. Inapungua.

MWENYE NYIGU: Inapunguaje?

MWALIMU: Ganda lenyewe ni dogo kama kidole cha mtoto. Kichwa kizito cha unene uleule ni lazima kiwe kirefu, hakuna pengine pa kuuweka uzito. Urefu huo unazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Halafu kichwa kizito kinang’ang’ania, hakitaki kuondoka upesi, mgandamizo unapanda. Mpimaji mwenye akili anapunguza baruti ili bunduki isipasuke. Kwa hiyo kichwa kinatoka polepole.

Akaitoa penseli sikioni na kuandika juu ya karatasi ya karanga. Nguvu ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara mwendo mara mwendo. Gramu 2.9 ikitoka kwa mita 820 kwa sekunde, kama risasi za Nyigu zinavyotoka, unapata jouli 980 hivi. Sasa chukua gramu 3.6, tuseme mwendo umeshuka mpaka mita 700. Jouli 880.

MWALIMU: Umenunua uzito, umelipa kwa nguvu. Na hesabu hii haina huruma kwa sababu mwendo unazidishwa mara mbili na uzito mara moja tu.

MWENYE NYIGU: Lakini kizito hakichoki njiani. Hilo hata wewe unalijua. Kipira cha karatasi na jiwe, ukivirusha pamoja, kipi kinafika?

MWALIMU: Kweli kabisa. Kwa mita 200, upepo unavuma, kirefu kizito kinashinda. Wewe nguruwe wako unampiga kwa umbali gani?

Mwenye Nyigu alikunywa kahawa kwanza.

MWENYE NYIGU: Hatua ishirini. Ishirini na tano.

Hapo ndipo mtoto wa muuza kahawa, mvulana wa miaka kama tisa aliyekuwa akicheza pia pembeni, alipoingizwa kwenye mjadala bila kuombwa. Mwalimu aliiazima pia yake, ile fupi nene ya kuchongwa, akaizungusha mezani. Ikasimama vizuri. Kisha akaichomeka penseli kichwani, pia ikawa ndefu, akaizungusha kwa nguvu ileile. Ikayumba, ikalala, ikaangusha kikombe cha Bwana Nyama.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo watu wengi wasilolijua, na ndilo lililonifanya niandike. Ndani ya mtutu wa raifo kuna michirizi iliyojipinda, na kazi yake ni kuizungusha risasi ili isimame hewani kama pia. Pia fupi inasimama kwa mzunguko wa kawaida. Pia ndefu inadai mzunguko wa kasi. Mwingereza Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga kule Woolwich, aliiwekea kanuni mwaka 1879, na katika kanuni yake kinachotawala ni urefu wa risasi, si uzito wake. Nyigu za zamani zilichongwa michirizi ya uvivu, mzunguko mmoja kwa kila inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei, kwa sababu waliozitengeneza walikusudia vichwa vifupi vyepesi. Ukizilisha kichwa kirefu, huenda kikatoka kikiyumba na kutua ubavu kwenye karatasi ya shabaha. Tundu linaonekana kama la ufunguo. Wamarekani wenyewe waliliona hili kwenye bunduki zao za jeshi, M16 za mwanzo, miaka ya 1960. Mzunguko wa inchi 14 ulishindwa kuisimamisha risasi kwenye baridi kali, wakabadili kuwa 12. Walipochukua risasi ndefu zaidi miaka ya 1980, wakaenda mpaka 7.

Na gobole je? Gobole halina michirizi kabisa. Kile kipande cha nondo cha mjomba wake Babu kilikuwa kikibingirika hewani tangu mdomo wa mtutu. Goroli ya duara ingekwenda sawa zaidi, maana duara haina ubavu.

BABU: Ndiyo maana tulikuwa tunamkosa! Miaka yote hiyo tukasema nguruwe ana dawa.

Kicheko kilichofuata kilimpa Mwenye Nyigu muda wa kutafuta silaha nyingine, na aliipata nzuri.

MWENYE NYIGU: Haya. Mbona Bell?

Lazima nimtambulishe huyu, maana kwa watu wa bunduki Afrika Mashariki jina lake ni kama jina la Pelé kwa watu wa mpira. W.D.M. Bell, Mskoti, aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya tembo elfu moja. Wenzake walibeba mizinga ya .577 iliyotema risasi za gramu 48. Yeye wengi wa tembo wake aliwaua kwa bunduki nyembamba ya milimita 7. Na risasi yake, hapa ndipo Mwenye Nyigu aliponyoosha kidole, ilikuwa ndefu na nzito kwa tundu lile: greini 173, gramu 11. Bunduki ndogo, kichwa kizito, tembo chini.

(Nikiri kwamba hesabu ya tembo elfu moja hainipi raha yoyote. Lakini hoja ni hoja.)

BWANA NYAMA: Kijana, umemleta Bell kwenye mahakama, basi acha atoe ushahidi wote. Bunduki yake ilizaliwa na risasi ile. Mauser walipoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1890, kichwa chake kilikuwa kirefu kizito tangu siku ya kwanza, na michirizi ilipindwa kwa ajili yake. Hakumvisha mtoto koti la baba. Pili, risasi zake zilifunikwa chuma kote, hazikupasuka zikigonga mfupa. Yako ina pua gani?

MWENYE NYIGU: Laini. Ina tundu mbele.

BWANA NYAMA: Yaani imetengenezwa kupasuka. Tatu, Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, akauchora. Wewe nguruwe wako umempasua ukajua moyo uko wapi?

MWENYE NYIGU: Mimi Mwislamu, Bwana Nyama.

BWANA NYAMA: Nami nakuheshimu. Ila moyo wake uko chini sana, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, na wewe usiku kwa tochi unalenga bega kwa sababu ndilo linaloonekana kubwa. Dume la nguruwe pori lina kilo sabini na zaidi. Begani kuna ngozi ngumu, nyama na mfupa. Kichwa chako chepesi kinapasuka hapohapo juu juu. Anaondoka na kidonda, anakufa siku ya tatu, au haifi anarudi mkali.

Babu alimsahihisha kwa upole: “Hafi.” Bwana Nyama akikolea huchanganya ngeli, na Babu hajawahi kuiacha ipite.

MWENYE NYIGU: Basi umenikubalia! Chepesi kinapasuka juu juu. Nahitaji kizito.

BWANA NYAMA: Unahitaji bunduki nyingine. Sisi kazini kwa mnyama wa hatari tulibeba .375 na .458. Ile .458 inatema gramu 32. Nyigu yako nyani anaitosha, ngedere anaitosha. Kwa nguruwe, ukiipa 45 ni ndogo, na ukiipa 55 ni ndogo vilevile.

Nilidhani hapo tumemaliza. Kwa kweli nilikwisha kuamua moyoni kwamba Mwalimu na Bwana Nyama wameshinda na Mwenye Nyigu alipie kahawa. Lakini mama wa Nyandira alikuwa ameweka kikombe chini.

MAMA WA NYANDIRA: Mimi sijui greini. Naomba kuuliza. Risasi ikimkosa nguruwe inakwenda wapi?

Kimya.

MAMA WA NYANDIRA: Maana kwetu Mgeta shamba halilali, limesimama. Mimi nikiwa kwenye tuta langu, kibarazani kwa jirani wa ng’ambo ya bonde namwona anamenya viazi. Tukisalimiana tunapaza sauti tu. Wanaume mnabishana itamwingia nguruwe kiasi gani. Isipoingia?

Hili halikuwa swali la pembeni. Risasi ya raifo yoyote kati ya hizi husafiri zaidi ya kilomita moja ikiachwa, na Uluguru ni matuta na mabonde yanayotazamana. Watu wanaishi hadi kwenye kingo za msitu wa hifadhi. Uwanda wa Kisaki unaweza kumsamehe mpiga shabaha mbovu. Mgeta haimsamehe mtu. Na jibu lake, Mwalimu alipoombwa alitoe, lilipindua mjadala wote.

MWALIMU: Mama, kichwa chepesi chenye mwendo mkali na pua laini kikigonga udongo huwa kinasambaratika. Kile kizito cha polepole kina tabia ya kudunda. Kinagonga jiwe kinainuka, kinaendelea na safari.

BWANA NYAMA: Hilo nimeliona kwa macho. Si kila mara. Lakini mara moja inatosha.

MAMA WA NYANDIRA: Basi hizo karanga sita ni zangu na jirani yangu. Hizo tano ni za nguruwe.

Mwenye Nyigu hakujibu. Alizisogeza karanga sita kidogo mbali naye, kama mtu anayesogeza sigara baada ya mtoto kuingia chumbani.

Bwana Nyama ni mtu wa serikali hata akistaafu, akaona ndiyo nafasi ya sheria. Akakumbusha kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mtu hatengenezi risasi bila leseni, awe na mizani ya dhahabu au kijiko cha chai. Kwamba rafiki wa ng’ambo asijaribu kutuma hata ganda tupu. Na kwamba leseni ya bunduki si kibali cha kuua mnyama, maana mnyama yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba yeye gobole lake alilisalimisha mwaka 1989, wakati wa Operesheni Uhai, na tangu hapo nguruwe na sheria amewaachia wenyewe wajuane.

MAMA WA NYANDIRA: Ofisi ya wilaya ni nauli. Nguruwe haendi na nauli.

Kuna kichekesho hapa kilichonijia nikiwa natazama mawingu juu ya kilele cha Lupanga. Chini ya mlima huuhuu kuna Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi cha silaha na risasi. Katika mji huuhuu ndiko yaliko makao makuu ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kipande kidogo tu kutoka hapo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine na wataalamu wake wa wanyama waharibifu, watu waliotumia miaka mingi kuchunguza panya shamba, na pale ndipo shirika la APOPO linapowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Risasi, wanyama na elimu ya waharibifu, vyote ndani ya Morogoro. Huko juu Nyandira mama analinda kwa debe. Nilipomwambia hivyo alisema panya shamba wanamla zaidi kuliko nguruwe, ila panya hamwoni ndiyo maana hamchukii.

Babu ndiye aliyetupeleka tusikokutarajia.

BABU: Mnajua bunduki ilikuja kufanya kazi ya nani? Nilipokuwa mtoto nguruwe hakupigwa na mtu mmoja. Ilipigwa baragumu. Wanaume wa vijiji viwili vitatu walitoka na nyavu za kamba za katani, wakazisimamisha upande wa chini. Vijana na mbwa wakaingia kichakani kwa kelele upande wa juu. Nguruwe akikimbia anaingia wavuni, mkuki unammaliza hatua moja. Hakuna risasi ya kudunda. Siku moja mnatoa nguruwe kumi. Kwetu wengi hatuli, wakachukua jamaa zetu Wakristo, tukapata na chumvi ya shukrani.

MWENYE NYIGU: Kwa nini mliacha?

BABU: Wanaume walikwenda wapi? Walikwenda mkonge.

Hili si hadithi ya kijiweni tu. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika kuhusu Uzaramo, kwa jirani zetu wa kushuka kuelekea pwani, na akaonyesha kwamba kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mashamba yao yalikuwa yamezidiwa na nguruwe pori. Wajerumani walikuwa wamebana uwindaji, na wanaume walikuwa wametolewa vijijini kwenda kufanya kazi za ujira na za shuruti. Nyavu zilidai watu wengi kwa wakati mmoja, na watu wengi kwa wakati mmoja hawakuwepo tena. Wanawake na watoto wakabaki na mashamba, nguruwe wakabaki na usiku. Miaka michache baadaye, mwaka 1907, reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro, na mkonge ukafuata reli.

Kwa maoni yangu, na hapa naacha kuwa msikilizaji, Babu ndiye aliyegusa mahali penye jipu. Tunapouliza kama kichwa cha risasi kiongezwe kutoka gramu 2.9 hadi 3.6, tunaitaka risasi moja, ya mtu mmoja, mwenye tochi moja na usingizi, ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na wanaume arobaini, mbwa na wavu wa urefu wa uwanja wa mpira. Haitaweza. Ukiifikisha greini 500 bado haitaweza, maana ikimwangusha huyu, wenzake sita wameshaingia shamba la jirani. Nguruwe hutembea na ukoo. Sisi ndio tuliotawanyika.

Mwalimu hakukubaliana nami, na kwa haki yake niyaandike maneno yake.

MWALIMU: Mwandishi, unapenda mambo ya kale kwa sababu hukuwepo. Wanaume arobaini leo utawapata wapi? Arobaini hao wana bodaboda. Ukipiga baragumu watadhani ni harusi. Na wavu nao ni mtego, unahitaji kibali kama bunduki. Afadhali kumwambia huyu bwana ukweli mdogo unaofanya kazi: baki na greini 45, piga nyani mchana udongo ukiwa nyuma yake, nguruwe mwachie Bwana Nyama aliyeko kazini.

BWANA NYAMA: Aliyeko kazini ana vijiji vingapi? Unamjua? Mimi nilikuwa na tarafa nzima na pikipiki moja. Nikifika Tawa naambiwa nguruwe wako Kibungo. Nikifika Kibungo, mvua. Nikisema kweli, afadhali ya Babu. Watu wakiomba pamoja, kijiji kizima, barua moja yenye mihuri, kibali cha msako kinatolewa upesi kuliko barua ya mtu mmoja mwenye hasira. Na askari mmoja mwenye bunduki ya kazi akisimama na watu mia wanaopiga madebe, ana faida kuliko askari kumi wanaozunguka gizani.

MWENYE NYIGU: Kwa hiyo Nyigu yangu niipeleke makumbusho.

BABU: Una majirani wangapi wanaopakana na shamba lako?

MWENYE NYIGU: Saba.

BABU: Nguruwe akitoka kwako anakwenda kwa nani?

MWENYE NYIGU: Inategemea. Akisikia mlio anakimbilia kwa yule wa juu. Yule wa juu ana mbwa, basi anazunguka kwa mjane.

BABU: Mjane ana nini?

Mwenye Nyigu alifikiri. Nilimwona akijaribu kukumbuka shamba la mjane, na nadhani hakuwahi kulitazama ila kama mahali risasi yake ilipomsukumia mnyama.

MWENYE NYIGU: Ana dungu. Watoto wake wanalala humo. Wanapiga debe.

BABU: Wewe ukipiga bunduki upande ule, wao wako wapi?

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, tuk-tuk, tuk-tuk. Mvulana wake alikuwa ameirudisha pia yake, bila penseli, na ilikuwa imesimama kwenye sakafu ya saruji kama haizunguki.

“Bonde liko kati,” Mwenye Nyigu alisema hatimaye, lakini alikuwa anajisemea. Kisha akauliza barua ya kijiji inaandikwaje, ianze kwa mtendaji au kwa diwani. Bwana Nyama alichukua penseli ya Mwalimu na kuanza kumwandikia nyuma ya ile karatasi ya jouli. Walibishana tena kuhusu muhuri. Sikuyafuatilia yote.

Kondakta wa Hiace alikuwa akiita Mgeta, Mgeta, Langali, Nyandira. Mama alisimama, akajifunga kanga vizuri, akamwaga masalio ya kahawa kwenye mzizi wa mti. Leo zamu ya dungu ni yake. Kesho ya wifi yake. Akainama mezani, akazikusanya karanga zote, zile tano na zile sita, akazifunga kwenye pindo la kanga.

“Za kutafuna usiku,” alisema. “Nisisinzie.”